Breki za Nyuma za Bi Pindo

Gari la Bi Pindo lilikuwa zee kiasi kwamba watoto wa mtaani walilipigia shikamoo. Lilikuwa la marehemu mumewe, na baada yake lilibaki kazini kubeba mapazia na sare kwa wateja, maana Bi Pindo alikuwa fundi cherehani, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake.

Mbele lilikuwa na breki za diski. Nyuma lilikuwa na zile za kizamani, za dramu: sufuria ya chuma iliyofunika viatu viwili vya breki, navyo hutanuka na kuisugua kwa ndani ukikanyaga pedali. Viatu vikilika hukaa mbali na sufuria, pedali inazama, na moyo wa dereva unazama nayo. Dawa yake ni kupenyeza bisibisi kwenye kitundu kilicho nyuma ya gurudumu na kuzungusha kinati chenye meno, mafundi wanakiita nyota, mpaka viatu visogee tena mahali pake.

Dawa hiyo aliitoa mkwe wake, fundi magari mwenye gereji nyuma ya kituo cha mafuta. Alikuwa amemwoa binti yake wa pekee. Binti akaugua, akauguzwa na mumewe huyo kwa mikono yake, kuogeshwa na kulishwa, kisha akafariki bila kuacha mtoto. Watu walipomaliza kulia na kurudi makwao, Bi Pindo alibaki na cherehani, gari na mkwe. Cherehani na gari vilikuwa vyake, hakuna wa kumnyang'anya. Mkwe ndiye hakuwa na hakika naye. Mkwe bila binti ni nani? Hakuna mjukuu wa kumleta, hakuna mke wa kumwambia, "Hebu kamwone mama."

Lakini akaja. Jumamosi moja alisimama mlangoni na kisanduku chake cha vifaa. "Mama, nimepita tu kuangalia breki." Akakaza nyota, akanywa chai, akacheka vichekesho vya mama mkwe mpaka machozi, akaondoka. Breki zilipolegea akaja tena. Zilipokaa vizuri, kazi za gereji zikamzidi, na Bi Pindo akakaa mwezi mzima akiongea na cherehani.

Basi mkwe alipokuja tena, Bi Pindo alichuchumaa karibu na gurudumu, kikombe mkononi, akatazama. Aliona bisibisi ikisukuma meno upande huu, viatu vinakaza. Kwa hiyo ukisukuma upande ule? Mtu aliyejifunza kushona kola kwa kuchungulia dirisha la fundi mwingine hawezi kushindwa na kinati.

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa jioni, Bi Pindo alitandika mkeka chini ya gari, akalala chali na bisibisi ya cherehani, akalegeza meno mawili matatu. Mara moja jirani alimkuta miguu nje, kichwa ndani.

"Bi Pindo! Unatafuta nini huko chini?"

"Ujana wangu. Nadhani uliangukia huku."

Asubuhi simu inapigwa. "Mkwe wangu, pedali inazama tena."

"Nakuja, mama."

Na kweli alikuja, kila mara, bila kununa.

Mambo yalikwenda hivyo hadi mkwe alipokuja na mgeni. Binti mpole, mfanyakazi wa duka la miwani, naye mwenyewe amevaa lenzi nene kama vitako vya glasi.

"Karibu, binti," Bi Pindo akamwambia. "Wewe unauza miwani au unaitangaza?"

Binti akacheka, kicheko cha kweli kilichotoka tumboni, akakubali kuitwa Miwani kuanzia siku hiyo. Hapo ndipo Bi Pindo alipopata shida. Alikuwa amejiandaa kumchukia, na mtu anayecheka vile kumchukia ni kazi ngumu, inataka mazoezi. Usiku aligeuka kitandani huku na huku. Mgane kijana hakosi kuoa, hilo alilijua, na angekuwa wa kwanza kumwambia aoe. Lakini mke mpya ana mama yake. Mwanamume mmoja atanywa chai kwa mama wakwe wangapi?

Ijumaa hiyo, kwa hofu, alilegeza nyota kupita kiasi. Kesho yake asubuhi, kabla hajapiga simu, mteja akamwita: mapazia yanatakiwa sasa hivi, wageni wako njiani. Bi Pindo akasema ni hapo chini tu. Kwenye mteremko wa mtaa wake akakanyaga pedali, ikaenda mpaka sakafuni kama mguu kwenye tope. Akavuta breki ya mkono, ikapanda mpaka juu bila kushika kitu. Mwenye baiskeli akaruka pembeni. Bi Pindo akakanyaga, akakanyaga, akakanyaga, na gari likakubali kusimama likiwa limeshabusu geti la kijani la duka la mbao.

"Bibi!" mwenye baiskeli akapaza sauti. "Unaitaka roho yangu?"

Bi Pindo akatia gia ya kurudi nyuma, akaondoka getini. Alirudi nyumbani kwa gia ya kwanza, akasugua rangi ya kijani kwenye bampa kwa kitambaa, na bisibisi akaitupa chini kabisa ya kikapu cha vifungo. Simu hakupiga.

Mchana mkwe akaja bila kuitwa. Akazunguka gari. Mbele ya bampa akasimama kidogo. Akaingia, akabonyeza pedali, akatoka.

"Mama, hizi dramu zinatoka. Nakuwekea diski na nyuma."

"Dramu zina ubaya gani? Zimemwendesha marehemu mpaka akafa kwa ugonjwa wake mwenyewe."

"Zimechoka."

"Hata mimi nimechoka. Utanitoa?"

Mkwe akatabasamu lakini hakucheka. Bi Pindo akauliza polepole, kama anayeuliza habari za mtu baki: "Na hizo diski, zinataka kukazwa mara ngapi?"

"Hazikazwi, mama. Zinajirekebisha zenyewe. Utakaa muda mrefu hunihitaji."

Neno hilo lilimkaa kifuani wiki nzima. Ndiyo kusema anaaga. Wengine huaga kwa kukupa mkono, huyu anaaga kwa kukuachia gari zima. Na ubaya ni kwamba huwezi hata kumlaumu mtu anayekuaga kwa wema.

Jumamosi iliyofuata walikuja wawili, yeye na Miwani, wamebeba vyuma kwenye gunia. Mkwe alikuwa amevipata kwenye gari la aina ileile lililogongwa mbele likakunjamana kama karatasi, nyuma likabaki zima. Alikuwa na diski mbili, vishikio vyake, na kalipa, yaani yale makoleo yanayoibana diski. Akamwonyesha kila kalipa ina mkono mdogo wa kufungia waya wa breki ya mkono.

"Wengi wanasahau hapa," akasema. "Wanafunga diski, breki ya mkono wanaiacha inaning'inia. Kisha kila wakisimama wanatafuta jiwe la kuweka nyuma ya gurudumu."

Aliinua gari kwa jeki, akaliegemeza kwenye stendi, akavua magurudumu. Dramu moja iligoma kwa kutu. Akaigonga pande zote kwa nyundo, akiibembeleza kama mtoto asiyetaka kuoga, mpaka ikaachia. Akalimwagia maji vumbi jeusi lisiruke. Viatu vikatoka, na baada yake nyota ikadondoka kiganjani mwake. Akaifuta kwa kidole, akaiangalia kwenye mwanga, akaitia mfuko wa shati. Bi Pindo aliona. Akakumbuka ghafla kwamba kuna chungu jikoni kinamhitaji.

Aliporudi, diski zilikuwa zimekaa, zinang'aa, kalipa zimezikumbatia. Ilibaki kutoa hewa kwenye mabomba ya mafuta ya breki, kazi inayotaka mtu wa kukanyaga pedali.

"Nitakanyaga mimi," Miwani akasema.

"Toka hapa," akajibu Bi Pindo. "Mguu huu umekanyaga cherehani kabla mama yako hajajua kupika. Wewe simama kwenye boneti, uongeze mafuta."

Akaketi kwenye usukani. Mkwe akalala nyuma, kando ya gurudumu la mbali, sauti tu ikasikika.

"Kanyaga, mama. Achia. Kanyaga. Achia. Kanyaga. Sasa shikilia! Usiachie mpaka niseme. Ukiachia, hewa inarudi ndani, tunaanza upya."

"Nimeshikilia."

Spana ikagonga chuma huko nyuma.

"Mama."

"Nimesema nimeshikilia."

"Ile nyota hairudi nyuma yenyewe."

Bi Pindo akatazama mbele. Mlango wa gari ulikuwa wazi, nyumba ilikuwa hatua chache, na mguu wake umefungwa kwenye pedali kama mbuzi kwenye mti. Mjanja mkubwa, amengoja mpaka hapa!

"Kila nikija naikaza," sauti ikaendelea. "Kila nikija naikuta imelegea. Na meno yake yamekwaruzwa upande mmoja tu, ule wa kulegeza. Nikasema labda ni panya."

"Panya wa siku hizi wamesoma."

"Bisibisi wanapata wapi?"

"Wanaazima."

Kutoka nyuma ya boneti kikasikika kicheko kikibanwa kwa kiganja.

"Ulijua tangu lini?" Bi Pindo akauliza.

"Tangu simu ile ya pili."

"Na ukanyamaza, ukawa unakuja tu kulala kwenye vumbi?"

"Ningesema, ungeona haya, usingeniita tena. Na mimi ningekwenda wapi siku hizo, mama? Nyumba ile ilikuwa kimya, naogopa hata kuweka kijiko chini. Nilikuwa nasubiri simu yako kuliko mteja. Ila nilipoona ile rangi ya kijani… Nimeshamzika mmoja wa nyumba hii. Sitaki mwingine."

Mguu wa Bi Pindo ulianza kuchoka. Alilishika goti kwa mikono yote miwili. Siku zote hizo alijiona mwindaji, kumbe swala alikuwa anaingia mtegoni kwa hiari, na kufunga mlango mwenyewe.

"Shikilia, mama. Kuna jingine."

"Lipo jingine? Mguu huu si wa serikali."

"Kwao Miwani ni bondeni, nyuma ya mlima. Mteremko wake unaujua. Na mama yangu mzazi unajua hayupo. Nataka uende ukaniposee."

Bi Pindo akageuza shingo kama atamwona kupitia viti. "Mimi? Nilikuoza binti yangu, leo nikakuposee mwingine? Watu watasema bibi huyu anagawa waume!"

Miwani alikuwa amefika mlangoni pa gari, chupa ya mafuta mkononi, lenzi zimeingia ukungu. "Mama, na mimi nakuomba. Nimemwambia kama hutaki, tungoje."

"Mngoje mpaka lini?"

"Mpaka uchoke kukataa."

Bi Pindo akamtazama. Alitafuta lile neno kali, aliloliweka akiba kwa ajili ya siku kama hii, asilione.

"Kwa hiyo hizi diski si za kuniaga," akasema.

"Kukuaga?" Mkwe alichomoza kichwa kutoka chini, uso mweusi kwa masizi. "Mama, nimezifunga ili tufike sote salama. Nani alikwambia naaga?"

"Panya," akasema Bi Pindo, akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Hii harufu ya mafuta ya breki ni kali mno. Nimalizieni, mguu unakufa ganzi!"

"Achia, mama."

Walimaliza magurudumu yote kabla jua halijazama, na pedali ikawa ngumu, inashika juu kabisa. Jioni hiyo Bi Pindo alimtafuta mwenye duka la mbao, akaomba radhi, na mkwe akalipaka geti lile rangi upya.

Jumapili moja wakaenda bondeni. Miwani alikuwa ametangulia kwao. Bi Pindo aliendesha mwenyewe, maana alisema hawezi kuposa akiwa mzigo.

"Mlimani weka gia ndogo," mkwe akamwambia. "Breki zigusie tu."

Kwenye kila kona aliigusa pedali, na gari likatii nyuma na mbele kwa pamoja, bila kuvuta upande, bila kupiga kelele. Kwenye kila kona akashukuru kwa kunong'ona. Alimshukuru mumewe kwa gari. Alimshukuru mwenye lile gari lililogongwa, popote alipo, akimwombea awe mzima. Kwenye kona ya mwisho, iliyo kali kuliko zote, alimshukuru binti yake, ambaye kati ya wanaume wote waliokuwa wakipita mbele ya kibaraza na mashati yao ya kupigwa pasi, alimchagua huyu aliyekuwa na grisi mpaka masikioni. Na siku ile yeye mama mtu alisema, "Huyu? Hata kucha zake hazitakati."

"Umesema nini, mama?" mkwe akauliza.

"Nimesema una kucha nzuri."

Baba yake Miwani aliwapokea mlangoni, mzee mrefu aliyenyooka kama rula. Alimsalimia kijana, kisha akamgeukia Bi Pindo kwa heshima.

"Karibu sana. Samahani, mama, nawe ni nani wake?"

Njia nzima Bi Pindo alikuwa ameandaa jibu la kuwavunja mbavu, lenye wakwe, panya na kila kitu. Sasa lilikuwa limepotea lote. Alimtazama kijana aliyesimama kando yake na shati jipya alilomshonea mwenyewe, amekaza shingo, anangoja kusikia.

"Mimi ni mama yake," akasema. "Nimekuja kumwombea mke. Mengine ni marefu, baba, kwanza tupeni pa kukaa."