Vipindi vya Jumanne na Alhamisi

Fomu ya kujiunga na shule niliisoma mwenyewe, kurasa zote sita. Macho ya mume wangu, Mzee Mshamu, yamepungua, na mwanangu Habiba, aliyemzaa Muzdalifa, ameolewa Mohoro na ana wengine wanne wa kuhangaika nao. Muzdalifa nimemlea mimi tangu alipoachishwa ziwa. Mimi nina darasa la saba la zamani, na kusoma hakujanitoka. Nilisoma polepole, kidole kwenye mstari, na nilipofika mwisho nikaanza tena.

"Bibi, mbona unarudia?" Muzdalifa aliniuliza.

"Nataka nijue nakupeleka wapi, mke mwenzangu."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na tunu za shule: uadilifu, nidhamu, uwajibikaji na ushirikiano. Wa pili ulieleza majengo: madarasa kumi na mawili, maabara tatu, maktaba, bweni la wasichana, uwanja wa mpira wa miguu na wa pete. Wa tatu ulikuwa wa masomo, na hapo waliandika kwamba Fizikia na Kemia hufundishwa kwa nadharia na kwa vitendo. Zilizobaki zilikuwa za vitu vya kuleta: jembe na mpini wake, fagio la chelewa, ndoo yenye mfuniko, rimu ya karatasi.

Vitu tulivileta vyote. Jembe lenyewe lilikuwa jipya, mpini wa mti wa mkongo alioutengeneza Mzee Mshamu akiwa amekaa, maana miguu yake nayo si ya kuaminika.

Hizo maabara nilizijua kabla ya fomu. Sisi wanawake ndio tuliobeba mchanga kutoka mtoni, ndoo kwa ndoo, msimu mzima wa kiangazi, tukiambiwa watoto wetu watakuwa madaktari. Ya kwanza iliezekwa, ikawekewa meza za saruji na masinki meupe ambayo hayajaunganishwa na bomba lolote mpaka leo. Ya pili haina sakafu. Ya tatu ni kuta tu, na popo hawakuombwa fomu ya kujiunga. Bweni la wasichana ni msingi ulioota magugu. Mbuzi wa jirani yangu Mwanahawa ndio wanaolala pale. Maktaba ni kabati lililo nyuma ya kiti cha mkuu wa shule, na kabati lina kufuli. Kwa hiyo walioandika fomu hawakusema uongo wa moja kwa moja. Walihesabu kila kilichoanzwa.

Muzdalifa alitaka sayansi kwa sababu ya chumvi. Alikuwa darasa la sita mwaka ule maji ya bahari yalipopanda mto mpaka kwenye mashamba yetu ya bondeni, mpunga ukawa mwekundu kuanzia pembeni kuingia ndani, kama nguo inayoungua. Bwana shamba alikuja na kidude mfano wa kurunzi. Akakidondoshea tone la maji ya mferejini, akakiweka jichoni, akataja namba ya chumvi. Kisha akampa Muzdalifa naye achungulie. Mtoto alikaa na kile kidude jichoni hadi bwana shamba akacheka.

"Ukitaka kazi hii soma Kemia," alimwambia. "Na Fizikia usiikimbie."

Hakuikimbia. Fizikia ndiyo iliyokuwa ikikimbia. Alipoingia kidato cha tatu akajaza sayansi, na kwenye ukuta wa darasa ikabandikwa ratiba: Jumanne na Alhamisi, Fizikia vipindi viwili, chai, Kemia vipindi viwili, kisha usafi wa mazingira. Akainakili kwenye daftari, nami nikaijua kwa moyo. Walimu ndio hawakuwapo. Wa Fizikia alikuja mwaka juzi, akakaa wiki tatu, akaaga kwamba anakwenda Kibiti kuchukua godoro lake. Godoro hilo sijui liko ghorofa ya ngapi, maana hajashuka nalo. Wa Kemia alifika na mkewe. Mkewe akauliza umeme uko wapi, na gari lililowaleta ndilo lililowarudisha.

Basi siku hizo mbili watoto walikaa darasani wakipiga soga, wavulana wakitupiana karatasi, na saa nane wakapewa mafagio.

Mwezi wa nne mpunga ulianza kubeba. Kwetu mpunga ukibeba, watu huhamia bondeni. Unavuka mto kwa mtumbwi, unapanda kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, na kutoka hapo unaamia ndege wasile mpunga, tangu jua halijatoka mpaka limezama. Kwelea wakija wanakuja kama moshi. Ukijisahau kidogo tu, upande mmoja wa shamba umebaki makapi. Shamba langu ni refu na jembamba, limefuata mkono wa mto, na mtu mmoja hawezi kulilinda. Anayevuta kamba ya makopo upande huu anawafukuzia ndege upande wa pili. Miaka yote mimi nilikuwa upande wa juu na Mzee Mshamu upande wa chini. Mwaka huu hakuweza hata kupanda ngazi ya dungu.

Nilifikiri siku tatu. Sikutaka kumwachisha mtoto shule kama wafanyavyo wengine, mwezi mzima au miwili, mtoto akirudi amesahau hata dawati lake. Nilichukua ile ratiba nikaipitia. Jumatatu kuna Hesabu, Kiswahili na Historia: aende. Jumatano Baiolojia, mwalimu yupo: aende. Ijumaa Hesabu tena: aende. Jumanne na Alhamisi hakuna kitu. Siku hizo mbili nikazichukua mimi, na siku tatu nyingine nikamwomba kijana wa Mwanahawa anishikie upande wa chini, nami nimpe mpunga tukivuna. Nilijiona nimepanga vizuri sana. Nilimwambia hata Mwanahawa, tukiwa tunapepeta, kwamba mimi simwibii mtoto kipindi hata kimoja.

"Wewe ungekuwa mwalimu mkuu," Mwanahawa alisema.

Muzdalifa hakunung'unika. Alikuwa akipanda kwenye dungu la chini na daftari lake, kombeo begani, na sauti yake niliisikia ikivuka mpunga, "Hoooya, hoooya," na katikati ya hoya mbili alikuwa kimya, anasoma.

Mwishoni mwa mwezi wa nne, Jumatano moja, alirudi kutoka shule akaniambia, "Bibi, wanasema jana amekuja mwalimu wa Kemia na Fizikia. Mwanamke. Anaitwa Mwalimu Rukaiya. Anajitolea."

"Amefundisha?"

"Wanasema amefundisha."

Nilikuwa nachambua dagaa. Nakumbuka sikuinua hata kichwa. "Kila mwaka anakuja mtu, mke mwenzangu. Mwache kwanza afungue mzigo. Akimaliza mwezi hajaondoka, tutajua ni mwalimu."

"Bibi, Sikudhani wa Bi Mwanahawa amesema wamefungua maabara. Wamewasha moto."

"Moto hata mimi nawasha hapa. Ndege hawamngojei Mwalimu Rukaiya. Tumebakiza wiki chache tu, mpunga unaanza kukauka. Subiri kidogo."

Alisimama pale mlangoni kwa muda. Nilidhani anataka dagaa. Kisha akasema, "Sawa, Bibi," na kesho yake, Alhamisi, alivuka nami mto.

Kusubiri ndiko nilikojivunia maisha yangu yote. Nimesubiri mafuriko yapungue, nimesubiri mazao, nimesubiri barua za wilayani, na walioharakisha niliwaona wakirudi mikono mitupu. Kwa hiyo wiki ikapita na Mwalimu Rukaiya hakuondoka. Wiki ya pili nikasema, huenda anangoja nauli. Muzdalifa aliniambia mara ya pili, kisha hakuniambia tena. Ilikuwa Jumanne saba na Alhamisi saba. Mpunga tuliuokoa wote. Majirani walikuja kuutazama.

Siku ya kufunga shule mwezi wa sita wazazi tuliitwa. Mkuu wa shule, Mwalimu Gharibu, mtu mpole mwenye suti ya kijivu ambayo haiujali msimu, alituhutubia kuhusu mafanikio. Akasema sasa shule yetu ni ya sayansi kwa vitendo. Akasoma orodha ya wanafunzi arobaini wa kidato cha tatu watakaoendelea na Fizikia na Kemia. Nilimsikiliza akipita herufi M. Akapita. Nikadhani amekosea, maana mjukuu wangu kwenye Hesabu hakuwa na mwenzake. Akamaliza na jina la Sikudhani, binti wa Mwanahawa. Mwanahawa aliyekuwa kando yangu alinishika goti, halafu akaondoa mkono.

Ofisini niliingia na Muzdalifa nyuma yangu. Mwalimu Rukaiya alikuwapo, binti mdogo hata sikutegemea, ana mtandio wa buluu na vidole vyenye madoa ya dawa.

"Bibi, karibu ukae," alisema. Alifungua daftari la mahudhurio akaligeuza upande wangu. Alijua kuwa nitasoma. Mbele ya jina la Muzdalifa palikuwa na sifuri, zimepangwa kama shanga, kumi na nne.

"Siku ya kwanza niliyofika niliuliza nani anajua hesabu," alisema. "Darasa zima likamtaja huyu. Nikaambiwa leo hayupo. Alhamisi nikamngoja. Wiki iliyofuata nikamngoja tena. Siku nyingine mimi nafundisha shule ya pili, kwa hiyo sikuwahi kumwona."

"Alikuwa bondeni, mwanangu. Anaamia ndege. Ni mimi niliyempeleka."

"Hukusikia kwamba nimekuja?"

"Nilisikia."

Alinitazama. Sikuwa na la kuongeza, nikaongeza hivyo hivyo. Nilimweleza ratiba, nikamweleza godoro la mwalimu wa Fizikia na mke wa mwalimu wa Kemia, nikamweleza miguu ya Mzee Mshamu. Maneno yote yalikuwa ya kweli na nilipoyasikia yakitoka kinywani mwangu yalinuka.

Mwalimu Gharibu alikohoa. "Mama, sisi tungefurahi. Lakini dawa za maabara na vifaa tulivyopata vinatosha watoto arobaini. Alama za majaribio zimeshaanza kuhesabiwa, na orodha imekwenda wilayani. Tunu yetu ya tatu ni uwajibikaji."

"Naijua," nilisema. "Na ukurasa wa pili mmeandika maabara tatu. Zingekuwepo tatu, arobaini hao wangekuwa mia na ishirini."

"Mama, hayo ni ya miundombinu."

"Mchanga wake nimebeba mimi."

"Bibi," Muzdalifa alisema kwa sauti ya chini, "yaache."

Mwalimu Gharibu alimgeukia. "Na wewe, binti, ulikuwa na mdomo. Kwa nini hukumwambia mlezi wako?"

Nilimngoja aseme, na nilitaka aseme, nipate kuaibishwa nimalize. Muzdalifa alitazama lile kabati la vitabu, lenye kufuli.

"Nilisahau," alisema.

Mwalimu Gharibu akatikisa kichwa na kuandika kitu. Mwalimu Rukaiya hakuandika. Nadhani alielewa, kwa sababu alitutoa nje mpaka barazani, akasema, "Kwenye orodha siwezi kumwingiza. Akitaka, aje asimame nyuma. Mtihani wa taifa wa masomo haya hatafanya, lakini mlango sitamfungia."

Njia nzima ya kurudi Muzdalifa alitangulia mbele. Nilimwambia mimi ni mkosaji. Nilimwambia asome Historia na Jiografia kwa bidii, Mungu ana milango mingi. Alinijibu, "Ndiyo, Bibi," kama unavyomjibu mgeni anayeuliza njia.

Shule ilifunguliwa tena mwezi wa saba. Magunia yalijaa chumba cha nyuma mpaka dirishani na nyumba nzima ilinukia mpunga mpya. Kijana wa Mwanahawa alichukua yake. Wali ulipikwa, na Muzdalifa alikula kidogo, akaosha sahani, akaenda kulala.

Mwanahawa ndiye aliyeniletea habari. Alikuja na ungo kichwani, akazunguka maneno, akasifu mbuzi, akasifu mvua. Mwishowe akasema, "Shoga, Sikudhani ameniambia jambo, nami sikutaka ulisikie kwingine. Mjukuu wako anawaoshea vyombo."

"Vyombo gani?"

"Vile vichupa vya maabara. Masinki si hayana maji. Anachota kisimani, anabeba ndoo, wenziwe wakimaliza majaribio yeye anaosha. Kila Jumanne na kila Alhamisi. Walimwengu wameshampa jina, wanamwita Mama Sinki."

"Na wako?"

"Wangu yumo kwenye arobaini, shoga. Nikuongopee? Kitabu hicho kinampita juu. Ananiambia Muzdalifa ndiye anayemnong'oneza."

Alhamisi hiyo nilivaa baibui nikaenda. Sikwenda ofisini. Nilizunguka nyuma, upande wa mchanga uliobaki, nikasimama kwenye dirisha la maabara. Arobaini walikuwa wamezunguka meza za saruji. Mwalimu Rukaiya alikuwa akieleza, na chupa moja ya maji ikabadilika rangi, ikawa ya waridi, wote wakaguna. Mjukuu wangu alikuwa nyuma kabisa kwenye pembe, amejifunga kanga kiunoni juu ya sketi ya shule, mikono ndani ya ndoo. Alikuwa anatazama ile chupa.

Walipotoka nilimwita. Alikuja akifuta mikono, vidole vimechubuka kwa ile dawa.

"Acha," nilimwambia. "Sikukuzaa lakini nimekulea, na sikukulea uwe mtumishi wa wenzako. Waoshe wenyewe. Wewe nenda kwenye Historia yako."

"Historia ni Jumatatu."

"Basi siku hizi kaa nyumbani upumzike. Mtihani wenyewe hufanyi, mke mwenzangu. Unachosha mikono kwa ajili ya nini?"

Aliangalia ndoo. Ilikuwa ile ya fomu, yenye mfuniko, na mfuniko umeshapasuka. Nilidhani analia, lakini alipoinua uso macho yalikuwa makavu, nami nikaona afadhali angelia.

"Nikiosha naona walichofanya," alisema. "Kila chupa inabaki na kitu chini. Nikikaa nyumbani nitaona nini, Bibi? Magunia?"

Kengele ikagongwa. Alinyanyua ndoo akamwaga maji machafu kwenye magugu, akashika njia ya kisimani. Nilitaka nimpokee hiyo ndoo hata hatua chache, nikamfuata, nikanyoosha mkono. Aliihamishia upande wa pili.