Vifundo vya Ndiga

Kache husema kwamba alimsikia tena mwanawe Matano, adhuhuri, jua la utosi, pale chemchemini. Alikuwa ameinama anateka maji, mara akasikia sauti nyuma ya matete ikiuliza kama ilivyokuwa ikiuliza zamani: "Mayo, zimeiva?" Kache akajibu, "Bado, mwanangu," kwani ndilo jibu alilozoea kumpa mwaka ule wa njaa. Kisha akakumbuka kwamba Matano yuko kaburini mwaka wa nne sasa, na debe likamponyoka.

Hivyo ndivyo anavyosimulia, na huku kwetu Kikoneni hakuna anayembishia. Wapo wasemao maskini, akili zimemruka. Wengine huamini, maana wanakumbuka kwamba siku chache kabla ya kifo cha mtoto, Kache alichovya chungu chenye masizi katika chemchemi ile, na mzimu wa pale masizi hauyataki. Mwenyewe Kache ndiye aaminiye kuliko wote. Kila Ijumaa hupeleka ubani na marashi kuomba radhi kwa kosa la chungu.

Jirani yake Mwanafatuma, binti wa marehemu Jumwa, aliisikiliza habari hiyo akichambua mchicha, wala hakuinua uso. Yeye pia aliamini kwamba Matano yuko pale. Ila alijua anayeulizwa si Kache.

Ndiga ni kiazi cha mwituni. Hata nguruwe mwitu akikifukua hukiacha. Lakini mvua ikikatika mwaka wa kwanza na wa pili, mtu hula kilichomshinda nguruwe, mradi ajue kukitoa sumu. Jumwa alijua. Alikimenya, akakikata vipande vyembamba kama kucha, akavitia kapuni na kuvilaza penye mkondo chini ya chemchemi, maji yaibebe sumu yake. Mdomoni mwa kikapu alifunga ukambaa wa ukindu wenye vifundo, na kila alfajiri alifungua kimoja. Watu walie, watukane, yeye hafungui viwili.

Siku moja ya mwaka ule wa njaa Jumwa alikuwa amekwenda Msambweni kupanga foleni ya mahindi ya msaada. Kache akaja na Matano mgongoni, mtoto wa miaka minne, shingo kama kikonyo cha boga. Matano akamtazama Mwanafatuma akamwuliza, "Dada, zimeiva?"

Kilikuwa kimebaki kifundo kimoja.

Mwanafatuma akashuka mtoni, akakifungua kwa meno, akapanda na kikapu kinachuruzika.

"Vifundo vimeisha?" Kache akauliza.

"Vimeisha, Mayo," akasema, akamwonyesha ukambaa mtupu.

Wakapika. Kache hakutia hata tonge kinywani, yote alimpa mwanawe. Alasiri mtoto akaanza kutetemeka. Magharibi haikumkuta. Jumwa aliporudi aliutazama ukambaa, akamtazama bintiye, akafunga upya kifundo kimoja na kukirudisha kikapu majini pamoja na ndiga zilizobaki. Hakusema neno juu ya jambo hilo siku hiyo, wala siku nyingine yoyote mpaka naye akafa. Na watu walipoanza kukitaja chungu cha masizi, Mwanafatuma aliwaacha wakitaje.

Mwaka wa pili wa uhuru akaja Bwana Thoya, mtu wa serikali, na daftari na mbao mbili za kubania majani. Alikuwa amezunguka tangu Mackinnon Road, akiandika vyakula vya mwituni na namna ya kuvitengeneza. Kitabu kingepelekwa kwa machifu na mashuleni, ili njaa ikirudi watu wasiangamie. Wakamwambia, fundi wa ndiga amekwisha kufa, bintiye yupo.

Akamkuta ameketi barazani pamoja na Kache, Kache akisuka mkeka.

"Serikali yetu wenyewe hii," Kache akamtania, "na bado mwatuuliza chakula cha nyani! Mimi nilidhani uhuru ni wali wa nazi."

"Hata nyani, mama, ndiga hazitaki," Thoya akacheka. "Ndiyo maana nikaja kuuliza wenye akili."

"Basi umefika. Mamake huyu alikilisha kijiji kizima. Wangu peke yake ndiye aliyechukuliwa na mzimu, na kosa ni langu mimi mwenyewe."

Thoya akampa pole, akageuza ukurasa. "Haya, dada. Kumenya nimeandika. Kukata nimeandika. Majini hukaa siku ngapi?"

Mwanafatuma akasema, "Hatukuwa tukihesabu siku, bwana. Tulikuwa tukifunga vifundo."

"Funga basi, nami nitahesabu."

Kache akachomoa ukindu kwenye fungu lake, akampa ncha moja na nyingine akaishika yeye, ili ukambaa ukazike vizuri. Mwanafatuma akaanza kufunga. Kila alipokaza kifundo, midomo ya Kache ilicheza. Alikuwa akizitaja siku. Mama gani angezisahau? Anaijua siku kikapu kilipoingia majini, na anaijua siku kilipotoka.

Vikafika idadi ya siku zile. Mkono wa Mwanafatuma ukasimama.

Akiachia hapo, Thoya ataandika, na katika bonde asilolijua mama mwingine atapika kwa kufuata kitabu. Akifunga kimoja zaidi, Kache atajua kwamba chungu hakikuwa na kosa.

"Vimeisha?" Thoya akauliza.

Lilikuwa neno lile lile la Kache la siku ile, na jibu lake Mwanafatuma alikuwa nalo kinywani, limekaa humo miaka minne. Huko bondeni matete yalichakarika, na upepo haukuwapo. Kache aligeuza kichwa, akasikiliza kidogo, kisha akamgeukia tena Mwanafatuma. Hakuwa akitabasamu tena. Akauvuta ukambaa taratibu mpaka ukanyooka baina yao.

"Ukindu bado upo, mwanangu," akasema. "Funga."

Kalamu ya Thoya ilikuwa imeshagusa karatasi, na wino unatanda.

"Nakuomba, Mwanafatuma. Funga."