Agnes wa Nne

Alhamisi asubuhi Agnes alikuwa anaosha karoti kijitoni, mlimani juu kidogo ya Bigwa, alipomwona Agnes mwingine akiteremka na tenga kichwani. Wa tatu alifuata nyuma na rozari mkononi, kwa kuwa alikuwa ametoka misa. Yule wa kijitoni akawasogezea mawe wakae. Karoti zilikuwa nyingi.

Jirani yao Mwaisha alipita akielekea mjini. "Za asubuhi, kina Agnes. Leo mmeamka wangapi?"

"Watatu tu, dada."

"Afadhali nyie. Mimi mmoja, na kazi ndiyo hiyo hiyo."

Mambo hayo yalianza mwaka jana, mama yake Agnes alipofariki. Agnes wa rozari alikuwa mpole. Agnes wa tenga alikuwa na mdomo, na sokoni hakuna aliyemnyang'anya fungu. Agnes wa kijitoni ndiye aliyebaki na kumbukumbu za mama, na huzuni yote ilimwangukia yeye. Shida yao kubwa ilikuwa kitanda, maana kilikuwa kimoja.

Jumamosi bintiye Witness, mwalimu wa fasihi katika sekondari moja mjini, alipanda kuwasalimu. Alitoa shikamoo tatu, hakumruka mtu. Wakati wanamenya viazi akawaeleza kwamba miaka mia hivi iliyopita waandishi walichoka na mhusika wa kipande kimoja, mwenye tabia ile ile tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Walimfungua wakakuta umati, na ndani ya umati huo hakuna hata mmoja anayewajua wenzake wote.

"Na kwenye vitabu hivyo," akauliza Agnes wa kijitoni, "ikifika kuweka dole gumba, anaweka nani?"

Witness akatupa ganda la kiazi. "Hawafiki huko, mama. Kitabu kinaisha kabla."

Aliuliza kwa sababu kesho yake ukoo ulikuwa unakaa. Mjomba Gervas alitaka kumpa mgeni mmoja wa mjini shamba la marehemu mama yake, lenye chemchemi na kaburi lake, ajenge nyumba ya wageni. Kwa Waluguru ardhi hiyo hufuata tumbo la mama, na bila Agnes kukubali haitoki. Wahenga husema kikulacho ki nguoni mwako. Agnes alidhani wanamsema mjomba.

Kila mwanamke aliambiwa aje na sahani ya wali. Kwa Agnes waliagiza sahani tatu, na zililiwa zote. Ilipofika kuhesabu wanaopinga, mikono mitatu ikanyooka, na Stefano, katibu wa ukoo, akaandika mmoja.

"Kwenye wali tulikuwa watatu," akasema Agnes wa tenga.

"Wali ni wali," Stefano akajibu. "Hiki ni kikao."

Mjomba Gervas hakugombana na mtu. Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua taratibu. Ilikuwa ya kukubali kutoa shamba, ya tarehe ya Alhamisi, na chini yake palikuwa na dole gumba la wino wa zambarau. Stefano akapima madole ya wale watatu moja baada ya jingine. Yote yalilingana na lile la kwenye karatasi, na hakuna lililokuwa na wino.

Walirudi nyumbani. Jikoni walimkuta Agnes wa nne anachochea kuni, dole lake likiwa la zambarau.

"Mjomba alikuja mkiwa kijitoni," akasema. "Aliniita mwanangu. Nikasema ndiyo, mjomba."

Agnes wa kijitoni alimtazama sana yule wa nne, akatambua gauni lake mwenyewe la usichana, na akaumia kuona kwamba hawezi kumchukia. Walimsugua dole kwa majivu. Wino haukutoka. Wakala pamoja, wakalala wanne kwenye kitanda kimoja, na mwenye wino wakamweka katikati.

Jumatatu wapimaji walipanda na kamba na vigingi. Walisimama kwenye ukingo wa shamba, karibu na kaburi, wakapiga hodi kwa adabu. Agnes wa kijitoni, aliyekuwa shambani na wenzake, alibana midomo asiwajibu.

"Karibuni," sauti ikajibu nyuma yake. "Piteni tu."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Wapimaji wakashukuru, wakapita.