Mtu wa Bure

Mratibu hajamaliza kupanga ratiba ya mchana ofisini, Sindano akaingia, suruali imelowa hadi magotini.

"Dada, mimi nilijitolea kufanya nini?"

"Kumsomea Mzee Kipa magazeti."

"Basi nimetoka kuosha gari la meneja. Nje na ndani. Namaliza, naambiwa muda wa kuwaona wazee asubuhi umekwisha."

Mratibu alimvutia kiti. Kazi yake ndiyo hiyo, kuwakutanisha watu wenye nia njema na vituo vyenye uhitaji, kisha kuhakikisha hakuna anayemtupa mwenzake. Sindano alikuwa fundi cherehani hadi mikono ilipoanza kutetemeka. Mkewe akafariki, nyumba ikamzidi ukubwa, akaja kuomba apewe pa kwenda. Kwenye kituo cha wazee alikuwapo Kipa, mlinda mlango wa zamani, sasa haoni, na wahudumu wote wameshamkimbia kwa matusi yake. Sindano alimsomea matokeo ya mpira kwa hasira kama vile yeye ndiye aliyefungwa. Tangu siku hiyo wakawa chanda na pete.

Mratibu akampigia simu meneja wa kituo.

"Alijitolea kusoma, bwana. Si kuosha gari lako."

"Mtu wa bure hachagui kazi," meneja akasema, sauti ya mtu anayetafuna. "Mwambie arudi mchana, kuna gari la mke wangu. Akimaliza mapema, atamwona mzee wake. Halafu kesho nina wageni. Niletee watu kumi wavae fulana zetu, wakae na wazee, tupige picha."

"Wakae mpaka lini?"

"Mpaka wageni waondoke. Swali gani hilo?"

Alipokata simu, mkurugenzi wake alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Alikuwa amesikia.

"Usituharibie, mwanangu. Kituo kile kinatubeba sana kwenye ripoti."

"Ripoti haijalowa suruali, mzee."

"Na kiti chako kina wengi wanaokitolea macho." Akanywa chai yake, akaenda zake.

Mratibu akaiweka simu mezani. Watu wa kujitolea alikuwa nao, wengi tu, na wote walimwamini yeye. Akamgeukia Sindano.

"Baba, nikutafutie kwingine. Ipo shule inataka wa kuwasomea watoto."

"Na Kipa?" Sindano alikuwa akikamua ncha ya suruali. "Jana nilimwachia mechi katikati. Nitaosha tu. Usijichoshe kunigombea, dada."

Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote: aliyedhulumiwa ndiye anayembembeleza mtetezi wake.

Mchana wakaenda wote wawili. Gari la mke wa meneja lilikuwa kivulini, ndoo na matambara yameshaandaliwa. Sindano akaanza kukunja mikono ya shati. Mratibu akamnyang'anya tambara.

"Ingia kwa mzee wako."

"Dada, watu watasemaje?"

"Waseme. Ingia kabla hawajafunga."

Sindano alisita, kisha akaingia. Haukupita muda, kutoka dirisha la wodi ikasikika sauti yake ikipanda na kushuka, na ya Kipa ikimtukana refa. Mratibu alichutama kwenye tairi akasugua. Maji machafu yalimwingia viatuni.

Meneja akatoka, simu mkononi.

"Kumbe ni wewe. Safi sana. Hii ndiyo roho ya kujitolea. Hebu geuka kidogo, utabasamu."

Mratibu hakugeuka.

"Sindano ataingia kila siku, asubuhi, bila kushika ndoo," alisema, mgongo kwake. "La sivyo, kesho fulana zako uvivalishe viti. Simleti mtu hapa."

"Mkurugenzi wako anajua unavyoongea?"

"Mpigie."

Akamsikia akibonyeza namba. Akamsikia akicheka, akisema "ndiyo mkuu, huyu huyu." Mratibu akachovya tambara, akalikamua, akahamia tairi la pili. Aliliosha polepole kadiri alivyoweza, maana mle ndani mechi ilikuwa bado haijaisha.