Mpira Hushuka Jua Likitua

Kila Ijumaa alasiri, kabla jua halijagusa vilele vya mikaratusi ya Nyacheki, Kocha Drusilla Gesare hupuliza kipenga na wasichana wake huacha kurusha. Mipira hukusanywa, hutiwa kwenye magunia ya kubebea majani chai, na magunia hufungwa kamba. Haraka hiyo ina sababu yake. Mpira ulioshikwa na Drusilla ndani ya wiki, ukikutwa hewani Sabato inapoingia, au ukirushwa juu ndani ya Sabato, hubaki hewani mpaka Sabato itoke Jumamosi jua likitua. Jumamosi moja waumini waliokuwa wakienda kanisani waliupita mmoja umetulia juu kidogo ya pete ya kikapu, na matone ya umande yakidondoka kutoka kwake.

"Jana mazoezi yalichelewa kuisha," mzee wa kanisa alisema, na wakaendelea kushuka mteremko wakiwa wameshika Biblia zao.

Drusilla hakufundishwa ukocha na mtu. Alicheza mpira wa vikapu mpaka goti lilipokataa, kisha akaanza kutazama mechi kwenye simu akiwa amezima sauti, kwa sababu alitaka kuona miguu na watangazaji walimvuruga. Alipochukua timu ya wanawake ya kampuni ya chai, hakuwapa wasichana wapya mpira. Aliwapeleka shambani kuchuma chai na mama zao kwa wiki nzima. Waliporudi, aliwauliza waliona nini.

"Mgongo unauma," Lavender alimjibu mwaka ule alipofika kutoka Itumbe. Alikuwa mfupi na mwenye maneno mengi.

"Zaidi ya mgongo?"

Lavender alifikiri. "Hakuna mama anayeangalia mkono wake. Mkono unachuma wenyewe. Macho yako mbele, yanatafuta pa kukanyaga."

"Basi shika mpira," Drusilla alisema.

Kwa njia hiyo alitengeneza wachezaji ambao walipiga chenga bila kuangalia chini. Baadhi walichukuliwa na timu za Nairobi, na mmoja anacheza Misri. Wote humpigia simu Ijumaa, kabla ya jua kutua, naye huwauliza juu ya magoti yao kabla ya kuwauliza juu ya mechi. Timu ilipanda kutoka ligi ya kaunti hadi ligi kuu, ikiwa na wasichana wa Nyacheki, Kenyenya na Itumbe ambao wengi wao hawakuwahi kuona uwanja wenye paa.

Katika miaka hiyo yote, koti lake la michezo liliandikwa mgongoni KAIMU KOCHA. Makocha wakuu waliletwa na wakaondoka, wanaume wote, na mmoja wao alikuwa na tabia ya kusinzia robo ya tatu. Kila alipoondoka mmoja, Drusilla alibaki na timu mpaka apatikane mwingine. Mwanzoni mwa msimu huu, mwenyekiti wa kamati ya michezo ya kampuni, Mzee Ogari, alimwita akamwambia mbele ya kamati yote:

"Mama Drusilla, safari hii hatuleti mtu. Wewe lete kombe, na sisi tutalitoa hilo neno kaimu."

Drusilla alishukuru, akarudi uwanjani. Hakuwaambia wasichana, lakini Lavender alikuwa na shangazi aliyewapikia kamati chai, kwa hiyo kufikia jioni walijua wote.

Walishinda mechi zilizohitajika, wakafika fainali. Fainali ilipangwa kuchezwa mjini Kisii, Jumamosi, saa kumi na moja jioni, kwa sababu hiyo ndiyo saa televisheni iliyokuwa nayo. Drusilla alimpigia simu Mose, afisa wa ligi aliyepanga ratiba.

"Bwana Mose, saa kumi na moja Jumamosi haitafaa. Wasichana wangu wengi ni Wasabato, na mpira hautashuka."

"Hautashuka vipi?"

"Utarushwa, utakaa juu. Hushuka jua likitua. Tuanze saa moja usiku na hakutakuwa na tatizo."

"Kocha, tunaheshimu imani ya kila mtu. Lakini sheria unaijua. Timu isiyo na watu watano uwanjani imepoteza mechi."

"Watano watakuwepo," Drusilla alisema.

Ijumaa ya kuamkia fainali, baada ya kufunga magunia, aliwakalisha wasichana kwenye nyasi. Phanice, mchezaji wao mrefu zaidi, ambaye baba yake ni shemasi, aliinua mkono.

"Kocha, mimi Sabato siugusi mpira. Hata kama ni fainali. Nimemwambia Mungu na nimemwambia baba."

"Hutaugusa. Hautakufikia."

"Na kusimama uwanjani je? Si ni kucheza?"

"Kanisani tunasimama," Drusilla alisema. "Utasimama vivyo hivyo."

"Mimi ni Mkatoliki," Lavender alisema. "Kanisani tunasimama, tunapiga magoti, tunakaa, tunasimama tena. Sisi ndio tuna mazoezi."

Walicheka, hata Phanice.

Siku ya pili, baada ya ibada, walifika Kisii wakiwa wamevaa nguo za kanisani juu ya jezi. Uwanja ulikuwa umejaa. Wapinzani, timu ya Nairobi yenye viatu vya rangi moja, walikuwa wakiruka na kupasha misuli joto. Wasichana wa Drusilla walikunja gauni zao, wakaziweka benchi, wakasimama mahali pao. Refa alichukua mpira kutoka kwa timu mwenyeji, timu ya Drusilla, kama ilivyo desturi, akaubonyeza akauona ni mzuri, akaurusha juu katikati ya Phanice na mrefu wa Nairobi.

Mpira ulipanda, ukapita mikono, ukasimama.

Mrefu wa Nairobi aliruka. Akaruka tena. Wenzake walimbeba mabegani, na mpira ukasogea juu kidogo, kiasi cha vidole visiufikie, kisha ukatulia pale pale. Phanice alikuwa amesimama chini yake, mikono nyuma, midomo ikimtembea taratibu.

Kocha wa Nairobi alimwendea refa. "Lete mpira mwingine."

"Siwezi. Huu uko hai."

"Hai wapi? Umekwama!"

"Umekwama kwenye nini?" refa aliuliza. Kocha aliangalia juu, hakuona kitu cha kutaja. "Nimeurusha, haujaguswa, haujaanguka," refa aliendelea. "Mipira miwili haiwezi kuwa uwanjani. Na saa haianzi mpaka mmoja auguse. Tutasubiri."

Watu wa Kisii walielewa upesi, wakatulia. Kwaya ya Wasabato iliyokuwa imekuja kushangilia ilianza kuimba. Wauza mahindi ya kuchoma walipita kati ya viti. Mose alikuwa ameketi karibu na kamera, simu sikioni, akiwaeleza watu wa televisheni kwamba kuna kuchelewa kidogo kwa sababu za kiufundi.

Drusilla hakuutazama mpira. Aliwatazama wasichana wa Nairobi. Kadiri dakika zilivyokwenda waliruka, wakasukumana, wakalaumiana, wakaketi, wakaruka tena. Aliona nani hutua kwa mguu wa kulia kila mara, nani akikasirika hulegeza ulinzi upande wa kushoto, na nani kati yao husikilizwa na wenzake, ambaye hakuwa nahodha. Alipita nyuma ya wachezaji wake mmoja mmoja, akawaambia kila mmoja jambo moja tu.

"Yule mwenye utepe mweupe," alimwambia Lavender, "ndiye anayewaongoza. Usimpe nafasi ya kuongea."

"Kunyamazisha mtu?" Lavender alisema. "Kocha, hiyo kazi nilizaliwa nayo."

Jua lilizama nyuma ya kilima, taa za uwanja zikawashwa, na mpira ukaanguka. Phanice alisema amina, akaruka, akaugonga kwa Lavender.

Waliokuwepo bado wanaieleza mechi hiyo, na kwa kawaida huanzia hapo mpira uliposhuka. Wasichana wa Nairobi walikuwa wepesi, na kwa robo mbili waliongoza. Lakini miguu yao ilikuwa imechoka kwa kuruka bure, na yule mwenye utepe mweupe kila alipofungua mdomo alimkuta Lavender mbele yake akimuuliza habari za nyumbani. Katika robo ya mwisho Drusilla alinyoosha viganja viwili, akavigeuza polepole, na timu yake ikabadili ulinzi wote bila neno. Mrefu wa Nairobi alijikuta akitua kwa mguu wake wa kulia mahali ambapo Phanice alikuwa tayari amesimama. Kipenga cha mwisho kilipopulizwa, kombe lilikuwa la Nyacheki.

Gazeti liliandika kwamba mechi ilichelewa kuanza. Ligi ilitoa taarifa kwamba viwanja vya Kisii vina hali ya hewa ya pekee. Mwaka ujao fainali imepangwa tena Jumamosi, saa kumi na moja.

Jumatatu kamati ilimwita Drusilla. Kombe lilikuwa mezani, limefungwa utepe. Karibu nalo aliketi Sylvanus, mtu mnene mwenye tabasamu zuri, aliyewahi kufundisha mpira wa miguu katika shule ya wavulana.

"Mama Drusilla," Mzee Ogari alisema, "umetuheshimisha. Hakuna atakayesahau. Sasa sisi ni mabingwa, na kocha wa mabingwa ana mambo mengi. Kusafiri, kulala hotelini, kupiga kelele na marefa, kuongea kwenye televisheni. Wewe ni mama wa watu, na sauti yako ni ya chini. Kwa hiyo tumemleta Sylvanus awe kocha mkuu."

"Mlisema nikileta kombe."

"Tulisema, na hatujakataa kazi yako. Kazi yako tumeipenda, ndiyo maana tunataka uendelee nayo vile vile. Sylvanus tunampa jina tu."

"Kama ni jina tu, Mzee, nipeni mimi."

Wanakamati waliangalia kombe. Mmoja alikohoa. Sylvanus, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliangalia viatu vyake. Mzee Ogari akaomba wafunge kwa sala, na wakafunga.

Wasichana walitaka kugoma. Lavender alikuwa tayari ametunga nyimbo mbili za matusi. Drusilla aliwaambia wavae viatu. Picha za televisheni zilipochukuliwa, Sylvanus alilishika kombe kwa mikono miwili na kueleza siri ya ushindi, ambayo alisema ni nidhamu na kumtanguliza Mungu.

Wiki iliyofuata Drusilla alipanda kwenda kijiji kimoja ng'ambo ya Kenyenya, kwa sababu alikuwa amesikia habari za msichana. Alimkuta mama mwenye nyumba, Nyanchera, akimenya ndizi mbichi mbele ya jiko la nje.

"Bwakire buya, mama," Drusilla alimsalimu kwa Kigusii.

"Bwakire. Karibu uketi. Wewe ni wa timu ile?"

"Ndiyo. Nimekuja kukuomba binti yako Nyanchoka aje mazoezini."

Nyanchera aliendelea kumenya. "Kocha si ni yule mwanamume? Tulimwona kwa televisheni ya jirani. Anaongea vizuri."

"Ndiye."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye ninayefundisha."

Nyanchera alisimamisha kisu, akamtazama, akainama upande kusoma maandishi ya mgongoni mwa koti lake.

"Kwa hiyo yeye anaonekana, wewe unafundisha."

"Ndiyo, mama."

"Hata kanisani kwetu ni hivyo," Nyanchera alisema, akaitupa ndizi sufuriani, akamwita binti yake.

Nyanchoka alitokea kati ya migomba akiwa ameinama, ingawa juu ya kichwa chake hapakuwa na kitu.

"Simama wima," Drusilla alimwambia.

Msichana alisimama wima, na wanawake wote wawili wakainua nyuso zao kumtazama.