Atuganile Apanda Mlima Unaopumua

Legeza taya, Atu, legeza mabega, kila ukitoa pumzi shuka ngazi moja, anasema wifi yake Subilaga, mkunga wa zahanati hii, ambaye ujauzito mzima amekuwa akimzoeza kulala kwa maneno, hipnosi anavyoiita, maana uzazi wa kwanza ulimtia Atuganile woga hata akaapa hazai tena. Mvua ya Tukuyu inapiga bati. Atuganile anatoa pumzi, anashuka, anatoa pumzi, anashuka, na ngazi ya mwisho si ngazi tena, ni barabara isiyo na mwisho, imejaa maji, na ndani ya maji kuna mji mwingine uliopinduka, nyumba zake zikining'inia kama mikungu ya ndizi. Kando amesimama mtu asiye na uso, laini kama yai. Hapa ni wapi, Atuganile anamuuliza. Ni pale unapofika kila ukiondoka, anajibu. Na uchungu wangu uko wapi? Unaukanyaga. Kweli, barabara inavimba chini ya nyayo zake, inakuwa mlima, mlima unavuta pumzi na kupanda naye, kiuno chote kinabanwa kama kwa kanga iliyokazwa na watu wawili, kisha mlima unatoa pumzi, unashuka, na yeye yuko palepale, au mahali pengine, maana nyumba zimehama. Anajishangaa. Anacheka, na mwanamke aliye majini, ambaye ni yeye mwenyewe kichwa chini, anacheka pia. Unakuja mlima mwingine, na mwingine, na anaipanda.

Halafu unainuka ulio mkubwa kuliko yote, na woga wa zamani unamrudia. Nirudishe, anasema. Mtu asiye na uso anamwonyesha njia tambarare. Ile inarudi, anasema, ila inaishia chini ya mlima huuhuu. Atuganile anageuka huku, anageuka kule, na kutoka mbali, juu ya mawingu, anamsikia Subilaga: wifi, mwili wako unajua, nenda nao. Anaweka mguu. Mlima unavuta pumzi naye anavuta, anasukuma kwa nguvu zake zote, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake mwenyewe, na milango yote ya mji inafunguka kwa pamoja, wanawake wanamiminika nje, wa juu na wa majini, wakipiga vigelegele.

Kigelegele kimoja hakiishi. Ni cha Subilaga. Kifuani pa Atuganile kuna mtoto wa kike, wa moto, anateleza, analia kwa hasira.

Iliuma? anauliza Subilaga.

Iliuma sana. Lakini mimi nilikuwa juu yake.

Anamtazama mtoto, anaitazama taa, anavitazama vidole vyake mwenyewe. Wifi, anauliza polepole, nimeshaamka?

Subilaga anafuta jasho, na machozi humohumo. Sijakuamsha bado, anasema, mtoto amenitangulia.

Basi usiniamshe, anasema Atuganile, na kumpa mwanawe titi.