Pembeni mwa Vitabu vya Jelagat

Mjukuu wangu Jelagat aliacha vitabu vinne vya sheria: cha ardhi, cha mikataba, cha ushahidi, na kile kinene kuliko vyote, cha urithi. Alikuwa mwaka wa tatu chuoni hapa Eldoret, akilala kwangu Kapsoya katika chumba kinachopata jua la asubuhi. Mwezi wa tatu alishikwa na homa ya mapafu siku ya Jumapili, na kufikia Ijumaa alikuwa ametuacha. Tulimzika shambani Soy, kando ya babu yake. Vitabu nikavipanga mezani kwake, nikavifunika na kitambaa ili vumbi lisiingie.

Mwezi wa sita rafiki yake Ruwayda akanipigia simu. Huyu ni binti ya Mzee Bashir, yule mwenye duka la vitambaa mjini. Yeye na Jelagat walikuwa wakikaa pamoja darasani tangu mwaka wa kwanza, na kwangu alikuwa akiingia hadi jikoni bila kubisha.

"Gogo, uko salama?" Hilo ndilo jina Jelagat alikuwa akiniita, nyanya kwa lugha yetu, na Ruwayda akalichukua.

"Niko tu, mama. Mbona sauti iko chini?"

"Nilianguka mtihani wa urithi, Gogo. Ulikuja wakati wa matanga, kichwa hakikuwepo. Wamenipa nafasi moja ya kurudia. Nikianguka tena wananitoa chuo."

"Haiya!"

"Naomba vitabu vya Jelagat. Saa hii niko Garissa kwa harusi ya dada yangu. Baada ya wiki mbili nitapitia hapo. Usisumbuke kuviandaa, nitabeba tu hivyo hivyo."

Nikamwambia ni vyake, aje avichukue. Hiyo ya usisumbuke nikaiona ni adabu, maana ni msichana mwenye adabu sana. Nilipokata simu nililia kidogo, halafu nikajisikia afadhali. Tangu mazishi sikuwa na kazi ya mikono iliyomhusu Jelagat. Sasa nilikuwa nayo.

Nikafungua kile cha urithi. Mungu wangu! Kila ukurasa ulijaa penseli pembeni: herufi ndogo ndogo za Kiingereza zimebanana kama siafu, mishale, nyota, maneno yamekatwa katikati. Juu, chini, hadi katikati ya mistari. Vile vingine vitatu pia.

Mimi niliishia darasa la saba. Enzi zetu kitabu kilikuwa cha shule. Unapewa mwezi wa kwanza, unakifunika na karatasi ya kaki, na siku ya kufunga mwaka mnapanga foleni, mwalimu anafungua ukurasa kwa ukurasa. Akikuta alama ni kiboko, halafu unakaa chini ya dirisha la ofisi ukifuta, wenzako wanaenda nyumbani. Kumpa mwingine kitabu kilichoandikwa ilikuwa kama kumpa kikombe ulichonywea bila kukiosha. Jelagat nilimlea hivyo. Ndiyo maana hakugusa kitabu na kalamu ya wino hata siku moja. "Penseli tu," nilikuwa nikimwambia akiwa mdogo, "anayekufuata akute safi."

Basi nikaenda kwa duka la Kuria.

"Nipe raba tano."

"Tano! Mama, umerudi darasa la ngapi?"

"La kwanza."

"Basi chukua na kaptura, kesho kuna gwaride."

"Shika adabu, Kuria. Lete zile nyeupe. Zile za rangi zinaacha doa."

Kila siku nikishalisha kuku nilikuwa nakaa verandani na kitabu mapajani. Unakandamiza karatasi na mkono wa kushoto ili isijikunje, unafuta ukielekea upande mmoja tu, huendi na kurudi, halafu unapangusa na unyoya wa kuku. Mahali penseli ilikuwa imekazwa nilitumia nyama ya mkate, ile laini ya ndani, nimeifinyanga kama kidonge. Mwanzo nilifika kurasa arobaini kwa siku. Mkono ulipozoea nikafika mia na zaidi. Ile rangi ya manjano ya kuchora juu ya maneno ilikataa kabisa kutoka, nikaona aibu kwamba mgeni ataikuta.

Sikusoma. Nataka niseme hivyo wazi. Kiingereza ningejikokota nacho kidogo, na miwani nilikuwa nimevaa. Lakini nilikuwa natazama uchafu, sikutazama maneno.

Ruwayda alikuja Jumamosi, mtihani ukiwa Alhamisi. Nilikuwa nimefunika vitabu vyote na kaki mpya, kona zimekunjwa vizuri. Nikamwekea chai na chapati.

Akafungua cha urithi akitabasamu. Akafunua ukurasa. Akafunua mwingine, haraka. Akaweka chini, akachukua cha mikataba.

"Gogo, maandishi yako wapi?"

"Nimefuta yote. Angalia hapa, alikuwa amekaza sana, lakini sasa hata huwezi kujua." Nikamsogezea. Nilikuwa najivuna.

"Nani alikusaidia?"

"Nani anisaidie? Ni mkono huu."

Akashika mdomo na ncha ya hijabu. Nikadhani amekumbuka rafiki yake, nikamwacha. Chai yake ikaanza kufanya utando juu.

"Gogo," akasema polepole, "vitabu vyenyewe viko maktaba. Hata kwa simu viko. Mimi nilikuwa nataka hiyo penseli."

Ndipo akanieleza. Alasiri alikuwa anashikilia duka la babake, kwa hivyo Jelagat alikuwa akisikiliza mwalimu kwa niaba ya wote wawili. Alichosema mwalimu, na namna ya kujibu swali, vyote aliviandika pale pembeni, mahali penyewe panapohusika. Jioni wanakaa, Ruwayda anasoma kitabu, Jelagat anamsomea pembeni. Daftari hakuwa nalo.

Nilisema, "Lakini manjano imebaki."

"Manjano ni ya kuonyesha pa kusoma tu, Gogo. Sababu zilikuwa kwa penseli."

Akasimama dirishani na kitabu, akauinamisha ukurasa kwenye mwanga ili aone kama kuna mikwaruzo. Aligeuza hivi na hivi kwa muda mrefu. Mwishowe akaniita.

"Hapa kuna neno. Unaliona?"

Nikaweka jicho karibu. Niliona kibonde chembamba kwenye karatasi, kama njia ya mchwa. G, kisha o.

"Ni wewe," Ruwayda akasema. "Hakuwahi kukuambia? Kila sheria alikuwa anaijaribu kwako. 'Gogo amekufa bila wosia, ameacha ng'ombe sita na wana watatu wabishi.' Ukurasa wa pili umefufuka, umeolewa na mzee wa Sugoi, umekufa tena."

"Mzee wa Sugoi! Wa wapi huyo?"

"Alikuwa na trekta."

Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu, na Ruwayda naye akacheka machozi yakimtoka.

"Na Jelagat nilimwachia nini?"

"Sheria haikumpa kitu mbele ya watoto wako. Lakini aliandika kwamba atachukua redio kabla wajomba hawajafika."

Redio yenyewe ilikuwa pale juu ya kabati. Katika kurasa zote hizo mimi nilikuwa ndiye nimekufa, na yeye ndiye amebaki, anagawa ng'ombe wangu. Ndivyo alivyokuwa amepanga dunia.

"Niambie kisa kingine," nikasema.

Akakumbuka vitatu. Cha nne alikumbuka nusu: kulikuwa na kuku na jirani mwongo, mwisho wake haukumjia. "Vilikuwa vingi, Gogo. Zaidi ya mia. Sikushika kwa sababu nilijua viko kitabuni."

Tukajaribu tena dirishani, ukurasa baada ya ukurasa, hadi shingo zikauma. Hakuna kilichoonekana zaidi ya mikwaruzo ya hapa na pale. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri. Hakuna mahali nilipoacha.

Alibeba kile cha urithi peke yake, akasema vingine nikae navyo. Mlangoni alinikumbatia kwa nguvu kuliko kawaida yake.

Majibu yalitoka mwezi wa nane. Alinipigia mwenyewe, hakutuma mtu.

"Nimepata thelathini na saba, Gogo. Ya kupita ni arobaini."

"Alama tatu."

"Tatu."

Nikasikia mtu dukani akiuliza bei ya dera, na yeye akamjibu, kisha akarudi kwangu. "Si wewe, Gogo. Usiweke moyoni. Mtihani ulikuwa mgumu."

Anasema hivyo kwa sababu amelelewa vizuri. Nilimwambia aje siku yoyote, nimpikie, hata kama hakuna la kuzungumza. Alisema atakuja. Bado hajaja, na simlaumu.